Namna ya kumtafuta babu au bibi katika vitabu vya zamani vya kanisa

Kila tukigusa mirathi au vyeti vya kuzaliwa katika kipindi, swali moja hurudi: bibi alizaliwa mwaka gani, na baba yake aliitwa nani hasa? Wazee waliokuwa wakilijibu bila kusita wanazidi kupungua. Karatasi za serikali nazo hazisaidii sana. Wakati wa Mjerumani na wa Mwingereza, watu wengi wa vijijini walizaliwa na kufariki bila kuandikishwa popote serikalini. Daftari za kodi zilimfuata mwenye nyumba, mara nyingi mwanaume mzima. Mke wake, binti zake na watoto wachanga hawakuwa na sababu ya kuandikwa humo.

Kanisa liliwaandika. Mtoto wa siku tatu, msichana aliyekuwa akijifunza dini, mjane, mzee aliyebatizwa akiwa mahututi kitandani, wote waliingizwa kitabuni kwa jina, tarehe na kijiji. Kwa familia nyingi za Lindi, Mtwara na Ruvuma, kitabu cha ubatizo ndipo mahali pekee ambapo jina la bibi liliandikwa kwa wino akiwa bado kijana.

Makala haya yanaeleza vitabu hivyo ni vipi, namna ya kuviomba, namna ya kuvisoma na mambo ambayo havikuambii. Mifano mingi ni ya kusini mwa Tanzania, lakini hatua ni zile zile ukiwa Kilimanjaro, Bukoba au Mbeya.

VITABU VILIVYOPO

Katika parokia ya Kikatoliki utakuta aina hizi:

- Kitabu cha ubatizo. Huandika jina la aliyebatizwa, wazazi, msimamizi, mahali na tarehe, na jina la aliyebatiza. Kila mtu ana namba yake.
- Kitabu cha ndoa. Huandika bwana na bibi arusi, mashahidi, na mara nyingi mahali kila mmoja alikobatizwa.
- Kitabu cha kipaimara.
- Kitabu cha marehemu.
- Kitabu au kadi za familia, zinazoorodhesha watu wa nyumba moja pamoja. Si kila parokia imezitunza.

Waanglikana, Walutheri na Wamoravian nao wana vitabu vya ubatizo, kipaimara, ndoa na mazishi. Tofauti kubwa ni lugha. Wakatoliki wa zamani waliandika kwa Kilatini. Wamisionari wa Kilutheri na wa Kimoravian kutoka Ujerumani waliandika kwa Kijerumani. Waanglikana wa Masasi, ambao chimbuko lao ni misheni ya UMCA kutoka Uingereza, mara nyingi waliandika kwa Kiingereza au Kiswahili.

KAZI YA NYUMBANI KWANZA

Ukifika ofisini na kusema "natafuta jina la bibi yangu Maria", umempa katibu kazi isiyowezekana. Kina Maria wamejaa kila ukurasa. Kaa kwanza na wazee wa ukoo, hasa kina bibi, shangazi na wajomba, ukusanye mambo haya:

1. Jina la ubatizo. Ndilo linalotangulia kitabuni.
2. Majina mengine yote. Katika jamii nyingi za kusini, kijana akitoka jandoni huacha jina la utotoni na kuchukua jipya. Mtu mmoja anaweza kuwa na jina la kuzaliwa, jina la jandoni au unyagoni, na jina la ubatizo. Mzee unayemjua kwa jina moja huenda yumo kitabuni kwa jingine kabisa.
3. Majina ya baba na mama yake. Hata kama wazazi hawakuwa Wakristo, kwa kawaida waliandikwa. Ndiyo maana babu mkuu aliyekuwa Mwislamu, au aliyefuata dini ya jadi, anaweza kupatikana katika kitabu cha kanisa ambalo hakuwahi kuingia.
4. Kijiji alichoishi wakati wa kubatizwa, si kijiji alichozikwa. Kumbuka kwamba watu wengi walihamishwa wakati wa vijiji vya ujamaa miaka ya 1970. Jina la kijiji cha sasa huenda halikuwepo wakati ule.
5. Mwaka wa kukadiria.

Mwaka ndio unaowasumbua wengi. Usimuulize mzee "ilikuwa mwaka gani?" Muulize alikuwa mkubwa kiasi gani lilipotokea jambo linalojulikana. Je, alikuwa amezaliwa wakati wa vita vya Wajerumani na Waingereza, 1914 hadi 1918? Alikuwa ameolewa ulipokuja mradi wa karanga wa Nachingwea, mwishoni mwa miaka ya 1940? Alikuwa na watoto wangapi siku ya uhuru, 1961? Ukipata majibu mawili au matatu ya namna hiyo, utaweza kusema "kati ya 1925 na 1932", na hapo kitabu kinaanza kutafutika.

Tafuta pia karatasi yoyote iliyobaki sandukuni: cheti cha zamani cha ubatizo, cheti cha ndoa, kitabu cha sala chenye maandishi ndani. Cheti cha zamani kikiwa na namba ya ubatizo, kazi imepungua zaidi ya nusu.

PAROKIA IPI HASA?

Hapa ndipo watu hupoteza nauli. Kanisa lililo karibu na nyumbani leo huenda halikuwepo bibi alipobatizwa. Misheni za mwanzo zilikuwa chache, na kila moja ilihudumia eneo kubwa kupitia vigango. Mtu alibatizwa kigangoni, lakini jina lake liliandikwa katika kitabu cha misheni mama. Kigango kilipokuja kuwa parokia kilianza kitabu chake kipya, na kile cha zamani kikabaki kule kule misheni.

Kwa hiyo swali la kuuliza ni hili: mwaka ule, kijiji chetu kilikuwa chini ya misheni gani?

Kwa kusini, miaka hii itakusaidia:

- Masasi, misheni ya UMCA, ilianza 1876. Askofu Edward Steere alitoka Zanzibar na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wengi wao wakiwa na asili ya upande wa Ziwa Nyasa, nao wakaweka makazi hapo.
- Wabenediktini walianza Lukuledi mwaka 1895, Nyangao 1896, Peramiho 1898 na Ndanda 1906.
- Mwaka 1931 eneo la Wabenediktini liligawanywa kuwa Ndanda na Peramiho. Baadaye yakazaliwa majimbo mapya, kama Njombe mwaka 1968, Mtwara 1972, kisha Mbinga na Tunduru-Masasi mwaka 1986.

Tumia miaka hii kufikiri. Mtu wa eneo la Ndanda aliyebatizwa mwaka 1902 hawezi kuwa katika kitabu cha Ndanda, kwa kuwa Ndanda ilikuwa bado. Uliza Lukuledi au Nyangao. Na mtu aliyebatizwa mwaka 1950 katika kijiji ambacho leo kiko jimbo jingine, huenda kitabu chake kiko misheni ya zamani iliyo ng'ambo ya mpaka wa jimbo lenu.

NAMNA YA KUOMBA

Vitabu hivi si vya maktaba. Ni kumbukumbu za kanisa, na paroko au mchungaji ndiye mwenye dhamana navyo. Ana haki ya kukuonyesha, kukusomea mwenyewe, au kukuambia urudi siku nyingine. Mambo manne husaidia:

- Pitia kwa anayekujua. Kwa Wakatoliki, anza na mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo au katekista wa kigango, akupe barua ya utambulisho. Kwa Walutheri, mwinjilisti wa mtaa. Si lazima uwe muumini wa kanisa hilo, lakini ni vizuri ujulikane wewe ni nani na unamtafuta ndugu yako.
- Chagua siku. Usiende juma la Pasaka, karibu na Krismasi, wala Jumamosi ya ndoa. Uliza siku za ofisi.
- Toa maelezo kwa maandishi. Katibu anaweza kutafuta baadaye akipata nafasi.
- Uliza mchango wa ofisi mapema na uombe stakabadhi. Kukutafutia jina katika miaka kumi ya maandishi ya mkono ni kazi ya saa nyingi.

Barua inaweza kuwa fupi kama hii:

"Kwa Paroko, Parokia ya ……
Tumsifu Yesu Kristo.
Mimi ni …… wa kijiji cha ……, mjukuu wa ……. Naomba kutafutiwa kumbukumbu ya ubatizo ya bibi yangu.
Jina la ubatizo: ……
Majina mengine: ……
Baba yake na mama yake: ……
Kijiji au kigango: ……
Mwaka: kati ya …… na ……
Mume wake na watoto wake: ……
Sababu ya kuomba: ……
Nitashukuru kujulishwa siku ya kufika ofisini na mchango unaohitajika. Simu yangu ni ……"

Sababu iandike kwa ukweli. Historia ya ukoo ni sababu ya kutosha. Kama kuna kesi ya shamba nyuma yake, sema mapema. Paroko akija kugundua baadaye kwamba ametumika katika ugomvi asioujua, mlango utafungwa kwako na kwa wengine.

KUSOMA MAANDISHI

Usitishwe na Kilatini. Maneno yanayojirudia ni machache, na ukiyanakili katika simu kabla ya kwenda utaweza kufuata mstari wote:

- natus, nata: amezaliwa (la kwanza mwanaume, la pili mwanamke)
- baptizatus, baptizata: amebatizwa
- filius, filia: mtoto wa kiume, mtoto wa kike
- pater, mater: baba, mama
- patrinus, matrina: msimamizi wa kiume, wa kike
- annorum: mwenye umri wa miaka kadhaa
- circa: karibu na, kwa kukadiria
- paganus, pagana: asiye Mkristo, kwa namna walivyowaita watu wakati ule
- in periculo mortis: katika hatari ya kufa
- matrimonium: ndoa
- obiit: amefariki
- ignotus, ignota: hajulikani

Kwa Kijerumani tafuta geboren (amezaliwa), getauft (amebatizwa), Vater na Mutter (baba na mama), Pate (msimamizi), getraut (amefunga ndoa), gestorben (amefariki) na unbekannt (hajulikani). Mwandiko wa Kijerumani wa zamani ni mgumu hata kwa Wajerumani wa leo. Piga picha kwa ruhusa, umtafute anayeufahamu.

Jihadhari na tarehe. Ukiona 7bris usidhani ni Julai. Ni Septemba, kwa sababu septem ni saba kwa Kilatini, na mwezi huo ulikuwa wa saba katika kalenda ya kale ya Roma. Vivyo hivyo 8bris ni Oktoba, 9bris ni Novemba, na Xbris ni Desemba.

Jihadhari pia na herufi. Mjerumani aliandika alivyosikia, kwa herufi za kwao. Sauti ya "ch" aliiandika tsch, "sh" akaiandika sch, na "y" akaiandika j. Mahali panapoitwa Chikundi panaweza kuwa Tschikundi, na Yao ikawa Jao. Herufi l na r hubadilishana kila mara. Majina ya ubatizo nayo yana sura nyingi: Yohana ni Joannes au Johannes, Aloisi ni Aloysius, Zaveri ni Xaverius. Soma jina kwa sauti. Mara nyingi sikio hulitambua kabla ya jicho.

Baadhi ya vitabu vina faharasa mwishoni, na mara nyingine imepangwa kwa jina la ubatizo, si la ukoo.

ANZA NA ALIYE KARIBU, RUDI NYUMA

Tuseme mnamtafuta bibi mzaa mama. Mnajua aliitwa Katarina, kwao ni upande wa Lukuledi, aliolewa Ndanda, na mtoto wake wa kwanza, yaani mama yenu mkubwa, alizaliwa karibu na mwaka 1948.

Wengi wangekimbilia vitabu vya Lukuledi vya miaka ya 1920 na kuanza kupekua kina Katarina. Njia fupi ni kinyume chake.

Hatua ya kwanza, tafuteni ubatizo wa mama mkubwa, Ndanda, kuanzia 1947 hadi 1950. Humo mtapata majina ya wazazi wake kama yalivyoandikwa wakati ule, pengine na jina la pili la Katarina ambalo hamkuwahi kulisikia.

Hatua ya pili, kwa majina hayo nendeni kitabu cha ndoa, miaka michache nyuma. Ndoa ikiwa imefungwa kanisani, kitabu kinaweza kuonyesha Katarina alibatizwa wapi na, mkiwa na bahati, namba yake ya ubatizo.

Hatua ya tatu, sasa nendeni Lukuledi mkiwa na namba au mwaka. Mkimpata, msiishie kwenye mstari wenyewe. Tazameni pembeni mwa ukurasa.

Pembeni ndiko penye hazina. Kwa sheria ya Kanisa Katoliki, mtu akifunga ndoa mahali pengine, habari hurudishwa parokia alikobatizwa na kuandikwa kando ya ubatizo wake. Utaratibu huo umekuwa ukitumika kila mahali tangu mwaka 1908. Kwa hiyo kijana aliyetoka kwenda kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge Tanga na kuoa huko, ndoa yake inaweza kuwa imeandikwa kwa kalamu ndogo pembeni mwa ubatizo wake, huku nyumbani. Familia zilizopoteza ndugu miaka mingi zimwangalie hapo.

Msisahau wasimamizi na mashahidi. Hawa mara nyingi walikuwa ndugu, majirani au walimu wa dini. Jina la msimamizi linalojirudia kwa watoto watatu wa nyumba moja lina maana kwa ukoo wenu. Muulizeni mzee.

KITABU HAKISEMI KILA KITU

Kitabu cha kanisa ni ushahidi wa ubatizo. Mambo mengine yaliyomo yana nguvu tofauti.

Umri wa mtu mzima ni wa kukadiria. Mmisionari alimtazama mtu usoni akaandika miaka 30. Tarehe ya ubatizo iamini, mwaka wa kuzaliwa uchukue kwa tahadhari. Kwa mtoto mchanga, mwaka huwa wa kuaminika zaidi.

Nafasi ya baba ikiwa wazi, usikimbilie hukumu. Sheria ya Kanisa humruhusu paroko kuandika jina la baba wa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa pale tu ambapo baba mwenyewe amekiri mbele yake na mashahidi, au kuna hati ya kuthibitisha. Pasipo hayo, nafasi huachwa. Haimaanishi kwamba kijiji kizima hakikumjua.

Babu anaweza kuonekana amebatizwa miaka thelathini baada ya mke wake. Mwanaume mwenye wake wengi hakupokelewa kwenye ubatizo mpaka abaki na mmoja, au awe karibu na kufa. Wake na watoto waliweza kutangulia. Ukiona mzee amebatizwa "in periculo mortis", huenda ndiyo sababu.

Na ukoo wenyewe huenda haumo. Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera kwa desturi huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ana nafasi kubwa kuliko baba. Kitabu kilichopangwa kwa desturi za Ulaya kina nafasi ya baba na mama, hakina nafasi ya mjomba wala jina la ukoo wa mama. Hilo litabaki kazi ya wazee. Karatasi na mdomo vinahitajiana: karatasi hushika tarehe, mdomo hushika undugu.

Waanglikana wa Masasi wana jambo lao pia. Askofu Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Masasi kuanzia 1926, alijulikana kwa kuipa jando ibada ya Kikristo badala ya kuipiga marufuku. Kwa hiyo usishangae Mkristo wa zamani wa Masasi akiwa na jina la jandoni na la ubatizo, akayatumia yote mawili.

KITABU KIKIKOSEKANA

Vitabu vingine havipo tena. Katika Vita vya Maji Maji vya 1905, misheni za Lukuledi, Nyangao, Masasi na Peramiho zilishambuliwa na kuharibiwa. Mwaka 1917 vita vya Wajerumani na Waingereza vilipita huku huku, na mapigano makubwa ya Mahiwa ya mwezi Oktoba yalikuwa karibu na Nyangao. Baada ya hapo wamisionari wa Kijerumani waliondolewa nchini kwa miaka kadhaa. Ukikuta pengo kitabuni kati ya 1917 na miaka ya 1920, kumbuka sababu hiyo. Waliobatizwa na walimu wa dini katika miaka hiyo huenda waliandikwa baadaye, kwa mkupuo.

Kabla ya kukata tamaa, jaribu hivi:

- Uliza ofisi ya jimbo au abasia. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1917 ilimtaka kila paroko kupeleka nakala ya vitabu vyake kwa askofu kila mwisho wa mwaka. Si wote walitimiza, lakini nakala huenda ipo.
- Tafuta kumbukumbu ya ndugu. Ubatizo wa mdogo wake utakupa wazazi wale wale.
- Kwa familia za Masasi zenye asili ya watu waliokombolewa, njia inaweza kurudi Zanzibar. Nyaraka za Taifa za Zanzibar zina sehemu ya kumbukumbu za UMCA.
- Nje ya nchi kuna barua, shajara na picha za wamisionari: UMCA katika maktaba ya Bodleian, Oxford, Wabenediktini huko St. Ottilien, Ujerumani, Wamoravian wa Rungwe huko Herrnhut, misheni ya Leipzig ya Kilimanjaro huko Halle, Wamisionari wa Afrika, yaani White Fathers, huko Roma. Usitarajie vitabu vya ubatizo huko, kwani kwa kawaida vilibaki parokiani. Lakini shajara inaweza kumtaja mwalimu wa dini au jumbe wa kijiji chenu.
- Kwenye simu yako, chuo kikuu cha University of Southern California cha Marekani kimeweka mtandaoni mkusanyiko wa picha za kale za misheni, zikiwamo za Tanzania. Tafuta International Mission Photography Archive, uandike jina la misheni kwa tahajia ya zamani.

CHETI CHA UBATIZO NA SERIKALI

Cheti cha ubatizo si cheti cha kuzaliwa. Hata hivyo, mtu aliyechelewa kuandikishwa anapoomba cheti cha kuzaliwa RITA, cheti cha ubatizo ni moja ya nyaraka zinazoweza kuambatishwa kuthibitisha tarehe na wazazi. Kwa mzee asiye na kadi ya kliniki wala cheti cha shule, huenda ndicho pekee alichonacho. Omba dondoo iliyosainiwa na kupigwa muhuri wa parokia. Picha ya simu haitoshi.

Katika mirathi, dondoo ya ubatizo au ya ndoa inaweza kuonyesha nani ni mtoto wa nani na nani aliolewa na nani. Kwa mjane ambaye ndugu wa mume wanasema "huyu hakuwahi kuolewa", mstari mmoja wa kitabu cha ndoa una uzito mkubwa. Hauamui kesi peke yake. Mahakama ndiyo inayopima ushahidi wote. Lakini ni bora ufike nao kuliko kufika na maneno matupu.

HESHIMA NA SIRI

Kitabu cha zamani huweza kutoa jambo ambalo bibi alilificha maisha yake yote: mtoto wa kwanza aliyefariki, ndoa ya awali, baba mwingine. Ukilipata, usilirushe kwenye kundi la WhatsApp la ukoo jioni ile ile. Zungumza kwanza na wazee na wale linaowagusa. Ukurasa huo huo una majina ya familia nyingine pia, na baadhi wako hai. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu nao. Piga picha kwa ruhusa tu, na mstari wenu tu.

Mkiwa ofisini, nawa mikono na uikaushe. Fungua ukurasa taratibu kwa kona ya juu. Usibandike soluteipu, usiandike wala kupiga mstari hata kwa penseli. Andika katika daftari lako jina la parokia, aina ya kitabu, miaka iliyo kwenye jalada, ukurasa na namba. Simu hupotea, na mwenzako akitaka kuthibitisha miaka kumi ijayo atahitaji hayo.

Mwisho, tazama kitabu kimehifadhiwaje. Mchwa, paa linalovuja na unyevu wa masika vimekula kumbukumbu nyingi kuliko moto. Ukoo ukiwa umefanikiwa kumpata mtu wake, ni shukrani nzuri kuchangia sanduku la bati au kabati la chuma la ofisi. Familia nyingine za kijiji nazo bado hazijaja kuuliza.